Kisanduku Chini ya Zulia

Kabla hujafungua skrubu ya kwanza ya dashibodi, vuta mkanda wa kiti cha abiria hadi mwisho wake. Usivute kidogo kama mtu anayejifunga kwenda safari. Vuta wote, mpaka kile kipande kinachokaa ndani ya nguzo ya mlango kitoke nje, kisha ukitazame kwenye mwanga. Kama gari limeishi Garsen au vijiji vya delta kwa misimu miwili mitatu ya mvua, utaona mahali ambapo weusi wa mkanda unageuka kuwa rangi ya udongo. Urudishe polepole na uweke alama ya chaki kwenye nguzo, pale ambapo mstari ule hukaa. Hicho ndicho kimo cha maji. Chini ya hapo usifunge kitu chochote cha umeme.

Mimi niliambiwa hivyo wiki ya kwanza nilipofika Garsen, nikacheka. Nawaandikia nyinyi mnaofunga skrini na vitufe vipya kwenye magari ya zamani, kwa sababu nimewaona mkicheka vilevile. Mmoja wenu aliniambia juzi, bila ubaya, "Mzee, siku hizi ni kuchomeka tu na kusonga." Ni kweli. Plagi za siku hizi zinaingia zenyewe. Lakini gari halikai kwenye video mliyoitazama. Linakaa mahali, na mahali pale pana tabia zake.

Sikuwa mtu wa kukaa mahali. Shule niliiacha darasa la sita, kule nyuma ya Kaloleni, baada ya kufungua dinamo ya baiskeli ya mwalimu nione stima inatoka wapi. Niliifungua vizuri. Kuirudisha ndiko kulikonishinda, nikaona ni rahisi zaidi kwenda Mariakani kuliko kurudi darasani. Kutoka Mariakani nikaenda Voi, Mwatate, Mombasa, Malindi, nikarudi Voi. Kila mahali nilikaa mwaka au miwili, na kila nilipoharibu kitu kikubwa, au nilipochoka kuona watu walewale, nilibeba mkoba wangu wenye mita, koleo, chuma cha kuchomea risasi na shati mbili, nikapanda basi. Kule Mwatate nilimfungia mwalimu mmoja redio yenye vitufe vya usukani. Alipoongeza sauti, wipa zilianza kufagia kioo. Alipopunguza, zilisimama. Alitembea nayo hivyo mwezi mzima akidhani ndivyo inavyotakiwa, na mvua ilipokuja akalalamika kwamba hawezi kuona njia mpaka asikilize muziki kwa nguvu. Nilipopata habari nilikuwa nimeshahama. Mambo kama hayo huchekesha yakisimuliwa, na mimi nimeyasimulia mara nyingi. Hili la leo sijalisimulia.

Aliyeniambia habari ya mkanda ni Mzee Shee wa Kipini. Alikuwa fundi wa redio na waya za magari tangu zama ambazo gari likija Kipini watu walitoka nje kulitazama. Alikuwa amehamia Garsen kwa mwanawe, na alikaa kwenye kibanda changu asubuhi nzima akinitazama nikifanya kazi, bila kugusa kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, cha upande wa Lamu.

"Hebu vuta mkanda ule, Kazungu mwanangu."

"Wa nini, mzee? Nafunga redio, sifungi abiria."

"Vuta. Pale mai yalofika mara moya, yatafika tena."

Mai kwake ni maji. Nikavuta, nikaona mstari, nikasema ndiyo mzee, nikaendelea na kazi yangu. Nilijua magari mengi kuliko yeye. Nilikuwa nimefanya kazi Mombasa kwenye gereji yenye kiyoyozi.

Mkasa wenyewe ulianza na Mzee Komora wa Golbanti. Alikuwa amestaafu ualimu, Mpokomo mrefu mwembamba, mzee wa kanisa, mwenye stesheni wagoni nyeupe ya zamani aliyoiinua kwa springi ili ipite kwenye matope. Mikono yake ilitetemeka. Ikishika usukani ilitulia, lakini ukimpa kikombe, nusu ya chai ilimwagika kabla hajanywa. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Rhoda kwa jina la binti yao, alikuwa na ugonjwa wa figo. Kila Jumanne na kila Ijumaa Mzee Komora alimpeleka Malindi kwenye mashine ya kusafisha damu. Waliondoka kabla ya jua kupanda, wakapitia Minjila kumchukua mgonjwa mwenzao, Godana, mchungaji wa ng'ombe, wakarudi jioni. Mara moja wakikosa, Mama Rhoda alivimba miguu. Wakikosa mara mbili, hakuna aliyetaka kujua.

Shida yao ilikuwa simu. Hospitali ilikuwa ikipiga njiani kuwaambia mashine ipi iko wazi, waje saa ngapi. Kila mara Mzee Komora alilazimika kusimamisha gari, na mara nyingi mtandao ulikuwa umekatika kabla hajaipata simu mfukoni. Rhoda, anayefanya kazi Mombasa, alikuwa amewafungia skrini ya kugusa. Haikusaidia. Barabara inarusha, kidole kinatetemeka, akitaka kupokea simu anafungua redio.

"Juzi alimpigia kasisi," Mama Rhoda aliniambia, akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje. "Saa kumi na moja alfajiri. Kasisi akafikiri kuna mtu amekufa."

"Nilitaka kupunguza sauti," Mzee Komora akasema.

"Sauti ya nani? Redio ilikuwa imezimwa. Ulitaka kupunguza yangu."

Rhoda alikuwa ametafuta tena, akapata kwenye duka la vipuri vilivyotumika kitu alichoona kitamfaa baba yake: kitufe kikubwa cha kuzungusha, cha gari jipya zaidi, kinachokaa katikati ya viti viwili pale karibu na gia. Unalaza kiganja chako juu ya dashibodi ya kati, vidole vinazungusha, unabonyeza. Hata mkono unaotetemeka hutulia ukilazwa. Niliposhika kitufe kile nilielewa kwamba Rhoda anamjua baba yake. Alikituma kwa basi pamoja na skrini yake na kisanduku cheusi, ukubwa wa kiberiti kikubwa. Kisanduku hicho ndicho mkalimani. Kitufe cha gari jipya kinasema lugha yake, gari la zamani linasema nyingine, na kisanduku kinakaa katikati kikitafsiri.

Kazi yenyewe ilinipendeza sana, siwafichi. Nilikuwa sijawahi kufanya kama hiyo. Shimo la dashibodi ya kati lilikuwa dogo, nikalipanua kwa msumeno mwembamba kidogo kidogo, nikipima kwa karatasi ngumu niliyoikata kwanza. Fanyeni hivyo siku zote. Karatasi ikiharibika unakata nyingine, plastiki ya dashibodi huipati tena. Pini za plagi hazikulingana, nikazitoa moja moja kwa sindano ya kushonea magunia na kuzipanga upya. Sikukata waya hata mmoja wa gari, na nilijisifu kwa hilo. Waya wa gari ukikatwa hauponi, unafungwa tepu tu.

Lakini nilianza kwa kuliosha. Hivyo ndivyo tulivyofanya Mombasa. Gari halifunguliwi kabla ya kusafishwa ndani, ili vumbi lisiingie kwenye soketi. Nikatoa zulia, nikalisugua, nikafuta nguzo za milango, chini ya viti, kote. Likawa linanukia sabuni. Mzee Shee hakuwapo wiki ile, alikuwa amekwenda Kipini kwenye arusi. Nilipomaliza kuosha hapakuwa na alama yoyote ya tope mahali popote ambapo macho yangefika. Mkanda sikuuvuta. Niliuona umekaa safi juu ya bega la kiti, nikaendelea.

Kisanduku hakikuenea nyuma ya skrini. Skrini mpya ilikuwa nene kuliko nilivyotarajia, ikajaza nafasi yote. Basi nikakiweka pale nilipokuwa nikiviweka vyote kama hivyo, Voi na Mombasa: chini ya zulia, upande wa miguu ya abiria, kando ya ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya gari. Panakaa pazuri pale, hapana mtikisiko, waya hauonekani. Umeme wake niliuchukua kwenye waya wa swichi uliokuwa karibu. Niliupima kwa mita, volti kumi na mbili ufunguo ukiwashwa, sufuri ukizimwa. Sawasawa kabisa. Sikuufuata waya ule kujua unakwenda kumlisha nani mwingine. Ulikuwa unakwenda kwenye pampu ya mafuta. Na sikukiwekea kisanduku fyuzi yake, kwa sababu waya ulishakuwa na fyuzi huko mbele, nikaona inatosha.

Someni hapo tena polepole. Kila kimoja katika vitu hivyo ungeweza kukisamehe. Nimewahi kuviona vyote vitatu katika gari moja kule Voi na gari likatembea miaka. Voi hapana mafuriko.

Mama Rhoda ndiye aliyekijaribu kwanza. Alikaa mbele, akazungusha kitufe kwa vidole viwili, akasikia nyimbo za kwaya zikipanda na kushuka, akazungusha tena.

"Kazungu, hiki kitu ni kama kufungua mtungi wa mafuta," akasema. "Hata Baba Rhoda ataweza."

"Mimi niko hapa," Mzee Komora akasema.

"Najua uko hapo. Ndiyo maana nasema."

Walikitumia miezi mitatu. Hospitali ilipiga, Mzee Komora akalaza kiganja, akabonyeza, akajibu. Nilipokutana naye sokoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kisha mto ukajaa. Mwaka ule maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda kwa kutambaa, leo shamba la mpunga, kesho uwanja wa mpira. Njia inayotoka Golbanti kwenda kwenye lami ina mahali panapodidimia, na watu wa pale wamezoea. Magari yaliyoinuliwa hupita maji yakiwa hata juu ya kizingiti cha mlango. Yanaingia ndani, miguu inalowa, watu wanainua viatu na mikoba, wanacheka, wanatoka upande wa pili na kufungua milango yatoke. Mzee Komora alikuwa amepita hivyo misimu yote na gari lile. Na gari lile lilikuwa la kale kiasi kwamba halikuwa na kitu cha umeme sakafuni. Mpaka nilipoliwekea.

Jumanne ile walikuwa katikati ya didimio, maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ndani ya gari, skrini ikazima. Kisha injini ikazima. Mzee Komora alifungua kifuniko cha fyuzi, akaona ya pampu imeungua. Alikuwa na fyuzi tatu za akiba kwenye kikopo cha dawa. Akatia ya kwanza, ikaungua. Akatia ya pili. Ya tatu aliishika kwa mikono miwili akaomba kabla ya kuitia. Ikaungua.

Vijana wa kijijini walisukuma gari kulirudisha upande wa Golbanti, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na wakambeba Mama Rhoda mgongoni. Kule Minjila Godana alingoja njia panda hadi saa mbili, akapanda basi la Malindi peke yake, akafika kwenye mashine. Adhuhuri maji yalikuwa yamepanda hata trekta likakataa kuingia. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi jioni walipata mtumbwi wa kuwavusha asubuhi yake, na Ijumaa mchana wakafika Malindi, Mama Rhoda akiwa amevimba hadi usoni. Jumamosi Mama Rhoda akafariki wodini.

Nilikwenda kwenye mazishi Golbanti. Watu walisema ni mafuriko. Kasisi alisema ni mapenzi ya Mungu. Mzee Komora alikaa na mikono yake ameificha kwapani, nikadhani anasikia baridi.

Maji yaliposhuka gari likavutwa kwa trekta hadi kwenye kibanda changu. Hakuna aliyeniambia nitafute nini. Waliniambia tu nilitengeneze. Nilivuta zulia, nikakuta kisanduku kimejaa tope kama sambusa iliyojaa nyama. Nikakaa chini. Kisha nikafanya lile nililopaswa kulifanya miezi minne kabla. Nilivuta mkanda wa kiti cha abiria hadi mwisho. Mstari ulikuwepo, wa zamani, umekauka, chini kidogo ya usawa wa kalio la mtu aliyeketi. Juu yake palikuwa na mwingine mwembamba zaidi, wa zamani zaidi. Kisanduku changu kilikuwa chini ya yote miwili.

Sasa nitawaambia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Hakuna aliyejua. Ningetoa kisanduku, nikakitupa mtoni, nikaunganisha waya, nikasema maji yameingia kwenye pampu. Ingekuwa kweli ya kutosha. Nilishakunja shati zangu mbili. Kilichonizuia siku ile, siwezi kusema ni wema. Nilitaka kujua. Labda si kisanduku, nilijiambia, labda ni pampu yenyewe. Nikakikausha juani siku nzima, nikakiunga kwenye betri na fyuzi, nikakitia kwenye beseni la maji. Fyuzi ikaungua. Nikatia nyingine, ikaungua. Nikaunga pampu peke yake, ikafanya kazi vizuri. Nilirudia mara sita, kama mtu anayebishana na mita yake.

Mzee Shee alikuwa amerudi Kipini, nikampigia simu. Nilimweleza yote.

"Nalikwambia siku ya kwanda," akasema.

"Uliniambia."

"Sasa wataka nikwambie nini?"

"Sijui, mzee."

"Wajua. Enda. Na usende kuisema kwa simu."

Nilifika Golbanti mchana. Matanga yalikuwa yamekwisha. Rhoda alikuwa uani na masufuria makubwa ya kanisa waliyoazima kupikia waombolezaji, anayasugua kwa mchanga na majivu ili yarudishwe. Mzee Komora alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando yake. Nilikuwa na kisanduku kwenye leso. Nilikitoa, nikakiweka juu ya goti la Mzee Komora, na nikasema nilikiweka wapi, umeme niliuchukua wapi, na nini kiliunguza fyuzi. Sikusema pole kwanza. Niliona nikianza na pole nitaishia hapo.

Rhoda aliacha kusugua.

"Umekaa Garsen miaka mingapi?" akaniuliza.

"Minne."

"Miaka minne unakula mchele wetu na samaki wetu. Hukujua sisi tunaishi wapi?"

Mzee Komora alikuwa hatusikii. Alikigeuza kisanduku, akaudondosha udongo mkavu, akakigeuza tena. Mikono yake ilitetemeka kama kawaida.

"Kwa hivyo hata ningekuwa na fyuzi kumi," akasema.

"Zingeungua zote, mzee."

"Hata angezitia mtu mwingine? Kijana mwenye mikono mizima?"

"Yeyote. Hata mimi."

Aliinua uso kunitazama. "Mimi nilidhani ni mikono yangu," akasema. "Nilidhani nazitia vibaya. Zinagusana pembeni, zinaungua, kwa sababu ya huku kutetemeka. Mama Rhoda aliniambia kutoka kwenye kiti, 'Polepole, Baba Rhoda.' Na mimi nilikuwa naenda polepole."

Rhoda alikuja akapiga magoti pale kwenye mchanga, majivu mikononi. "Baba, wiki hizi zote ulikuwa unadhani hivyo?"

Nikaelewa sasa kwa nini aliificha mikono mazishini. Vijana, kama ningepanda basi siku ile, mzee yule angekufa akiamini hivyo, na mimi nisingejua kamwe, ningekuwa Voi nikisimulia habari ya wipa.

Kisha Mzee Komora aliuliza kama skrini na kitufe vinaweza kufungwa tena vizuri. Godana wa Minjila sasa alikwenda kwa basi, na alipotoka kwenye mashine alitapika njia nzima. Alikuwa amemtumia mzee salamu kuuliza kama gari litapona. Rhoda akasema, "Halimbebi mtu mpaka nione mwenyewe kwa macho yangu."

Gari likavutwa tena hadi Golbanti, nikalifunga kwa siku tano, chini ya mti wa mkwaju wa kanisa, Rhoda akiwa amechukua likizo na kuketi kando yangu kila siku. Nilitoa karibu kila kitu. Kisanduku kipya nilikipandisha juu kabisa, nyuma ya skrini, nikakata sehemu ya plastiki ya ndani ambayo mara ya kwanza niliogopa kuikata, kikaenea. Nilikipa waya wake kutoka kwenye betri, na relei yake, ile swichi inayowashwa na ufunguo, na fyuzi yake ndogo, ili kikifa kife peke yake bila kumvuta mwingine. Waya wa pampu niliufuata kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho na kuuacha kama walivyouacha wenye gari. Chini ya alama ya chaki, niliyoiweka sasa usawa wa mstari wa juu, hapakubaki kiungo kimoja cha umeme nilichokitia mimi. Rhoda aliuliza kila waya unakwenda wapi. Pale niliposema "nadhani", alisema, "Fungua tena."

Siku ya tano akasema, "Sasa maji."

Aliyajaza yale masufuria ya kanisa kisimani, na akayabeba mwenyewe moja baada ya jingine. Nilitaka kumsaidia, akanitazama, nikaacha. Tuliziba matundu ya kutolea maji sakafuni kwa mpira wa ndani wa baiskeli na kufunga milango yote. Mzee Komora aliwasha injini kisha akashuka. Rhoda akamimina kupitia dirishani. Sufuria la kwanza lilimwagika kwenye zulia na kupotea. La nne lilifunika reli za viti. Kufikia la tisa maji yalikuwa juu ya alama ya chaki, yanavuja kwenye mipira ya milango, na injini ilikuwa inaunguruma vilevile. Skrini ilikuwa inawaka. Rhoda aliingia kwa dirishani akakaa kwenye kiti cha mama yake, sketi ndani ya maji, akalaza kiganja, akazungusha kitufe. Kwaya ikapanda. Akaizungusha ikashuka, akaiacha chini sana, na akakaa pale, sijui kwa muda gani. Mimi nilikuwa natazama fyuzi.

Kisha akasema, "Baba, njoo."

Mzee Komora alikuja. Alivua viatu kwanza, akavipanga vizuri kwenye nyasi, akafungua mlango wa usukani, maji ya juu yakamwagika, akaingia, miguu ndani ya yaliyobaki. Aliinua mikono yake miwili mbele ya uso akaitazama, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoazimwa na jirani. Akatia gia. Gari likaondoka na maji yake ndani, likazunguka uwanja wa kanisa polepole, likimwaga kidogo kila lilipokata kona, baba na binti wamekaa wanyoofu. Lilizunguka mara ya pili, na ya tatu. Sikuwasimamisha.